Karakana ya umeme wa magari Magomeni, na ugonjwa wa ethi kwenye Mercedes-Benz ya mwaka 1994

Nilipowasha taa kubwa za gari langu, mshale wa joto la injini ulipanda. Nilipozizima, ulishuka papo hapo. Injini haiwezi kupata joto na kupoa kwa kasi ya kidole kinachobonyeza swichi, kwa hiyo nilijua kwamba mshale ndio unaodanganya, lakini kwa miezi saba hakuna fundi aliyeweza kuniambia unadanganywa na nini. Karakana ndogo ya umeme wa magari iliyoko Magomeni ndiyo iliyolijibu swali hilo, kwa mita ya mkononi ya kupimia umeme na waya mmoja wa kubustia, ule mnene wa kuazimia umeme kwenye betri ya gari jingine. Naitathmini hapa kwa kirefu kwa sababu sisi wenye magari ya zamani ya kifahari katika jiji hili la Dar es Salaam tunamaliza fedha nyingi kwa kubadilisha vifaa vizima, ilhali kilichoharibika ni njia tu ya umeme kurudi kwenye betri, ambayo mafundi huiita ethi.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz E280, la umbo ambalo wenye kulijua huliita W124, lenye injini ya lita 2.8 na silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Ninalikodisha kwa shughuli za harusi, hasa za watu wa Kigamboni, Mbagala na Temeke, na katika kazi hiyo gari halina ruhusa ya kukataa kuwaka. Mwezi wa Machi lilikataa kuwaka ndani ya pantoni, tukivuka kutoka Magogoni, bibi harusi akiwa kiti cha nyuma na msafara mzima ukisubiri nyuma yetu. Stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, ilizunguka mara mbili kwa uzito kama mtu anayeamshwa usingizini, kisha ikanyamaza, na vijana wakatusukuma hadi nchi kavu. Mama mzazi wa binti yule hakunilaumu hata kwa neno moja, na ukimya wake ulinikaa moyoni kuliko lawama.

Nilikuwa nimeshapita kwingine kabla ya hapo. Karakana ya kwanza iliniambia betri imekufa. Nikanunua mpya kwa shilingi 280,000, na nafuu ikadumu wiki tatu. Karakana ya pili ilileta mashine ya kupimia kompyuta za magari, mashine ambayo kwa gari la mwaka huo haikuwa na msaada wowote, kwa kuwa mfumo wa pamoja wa kupimia unaoitwa OBD2 ulikuja kuwa wa lazima Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia mwaka 2001. Mashine iliposhindwa kuzungumza na gari, fundi alihukumu kwa sikio: altaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikiwa inazunguka. Nikaweka altaneta ya mtumba kwa shilingi 350,000, na gari likaendelea vilevile, isipokuwa sasa taa zilipepesa zaidi nilipokanyaga breki. Walipoanza kuzungumzia kompyuta ya injini, nililiondoa gari.

Karakana ya Magomeni haina bango. Ipo kwenye mtaa wa ndani, upande wa Kagera, chini ya mwarobaini mkubwa, na ina nafasi ya magari manne tu pamoja na shimo moja la kuingilia chini ya gari. Mwenyewe ni mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, anayefanya kazi na vijana wawili waliolelewa vizuri. Nilipofika walinipa shikamoo na kiti kabla ya kuniuliza shida yangu. Swali la kwanza la fundi lilinishangaza.

“Mama, gari hili mnaliosha na maji gani?”

Nilimjibu kwamba tunaliosha karibu na nyumbani, Kigamboni, kwa maji ya kisima, na kwamba kila Ijumaa kabla ya harusi tunaosha na injini kwa mashine ya presha ili boneti ikifunguliwa ipendeze. Aliuliza kama maji hayo ni ya chumvi. Ni ya chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya ukanda wa pwani wa jiji hili. Tunayatumia kwa kufulia na kuoshea vyombo vikubwa, na ya kunywa tunatafuta ya DAWASA au ya kununua. Fundi alitikisa kichwa na kuniambia kwamba kila Ijumaa, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nikipeleka chumvi kwenye maungio ambayo hewa ya bahari ingechukua miaka kuyafikia. Hakulisema kwa kunilaumu. Alilisema kama daktari anavyouliza mgonjwa anakula nini, na hapo nikaanza kumwamini.

Msomaji asiyefanya kazi ya umeme huenda akahitaji maelezo kidogo hapa. Umeme wa gari hutoka kwenye betri kwa waya wa chanya, ukafika kwenye taa, stata au redio, na baada ya kufanya kazi yake lazima urudi kwenye betri upande wa hasi. Watengenezaji hawaweki waya wa kurudi kwa kila kifaa. Wanatumia bodi ya gari yenyewe, ambayo ni chuma, kuwa barabara ya kurudia. Sehemu ambapo waya unafungwa kwenye chuma hicho ndiyo mafundi wetu huiita ethi. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba injini haigusani na bodi kwa chuma, kwa sababu imekaa juu ya maunti za mpira ili mtikisiko wake usiwafikie abiria. Stata na altaneta zimefungwa kwenye injini. Kwa hiyo umeme wote wa stata, na chaji yote ya altaneta, hutegemea mkanda mmoja wa nyuzi za shaba zilizosukwa, unaounganisha injini au giaboksi na bodi. Mkanda huo ukila kutu, betri mpya haisaidii kitu, na altaneta mpya pia haisaidii, kwa sababu barabara inayoziunganisha imekatika.

Sasa nieleze alivyopima, maana hapo ndipo thamani ya karakana hii ilipo.

Kwanza alichomoa rilei (swichi ya umeme) ya pampu ya mafuta ili gari lisiwake tukiwa tunapiga stata. Akaiweka mita kwenye volti, akagusisha waya mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri (nguzo yenyewe, wala si kibanio kilichoifunga) na waya wa pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha akamwambia kijana apige stata. Mita ilionyesha volti 1.9. Alinigeuzia kioo cha mita nione mwenyewe, akaniambia kwamba mahali hapo haipaswi kuzidi volti 0.2 au zaidi kidogo. Akapima tena kati ya betri na bodi: volti 0.1. Akapima kati ya bodi na injini: volti 1.8. Kwa vipimo vitatu, ambavyo havikuchukua hata dakika kumi, alikuwa ameshajua kwamba waya wa betri kwenda bodi ni mzima na kwamba ugonjwa uko kati ya bodi na injini. Hakuwa amefungua hata bolti moja.

Nilimuuliza kwa nini karakana ya pili, ambayo nayo ilikuwa na mita, haikuliona jambo hilo, kwani niliwaona kwa macho yangu wakipima ethi na mita ikisema iko sawa. Alinieleza kwamba walipima ohmu, yaani ukinzani wa njia ya umeme, gari likiwa limezimwa. Mita ikipima ohmu hupitisha umeme mdogo mno, na kwa umeme mdogo namna hiyo hata uzi mmoja wa shaba uliobaki mzima unatosha kuonekana kama njia safi. Stata ya injini kama hii huvuta ampea 150 na zaidi. Ukichukua ampea 150 ukazipitisha kwenye ukinzani wa ohmu 0.012 tu, unapoteza volti 1.8, na hakuna mita ya kawaida ya mkononi inayoweza kutofautisha ohmu 0.012 na sifuri. Ndiyo maana ethi hupimwa kwa volti, umeme mkubwa ukiwa unapita. Kuipima gari likiwa limelala ni sawa na kupima upana wa barabara usiku wa manane na kusema kwamba haina foleni.

Kisha akafanya jambo ambalo ningetamani kila mwenye gari alijue. Alichukua waya mmoja wa kubustia, akabana upande mmoja kwenye hasi ya betri na upande wa pili kwenye chuma cha injini, akarudisha rilei, akaniambia nipige stata mwenyewe. Injini iliwaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo. Nililia kidogo, siwezi kuficha. Miezi saba, betri moja na altaneta moja, na dawa ilikuwa ni kuupa umeme njia ya kurudi nyumbani.

Gari lilipokuwa likinguruma, aliuondoa ule waya, akawasha taa, feni na kiyoyozi kwa pamoja, akapima chaji mahali pawili. Kwenye altaneta ilikuwa volti 14.1, kwenye nguzo za betri 13.4. Tofauti hiyo ya volti 0.7 ilikuwa inapotea kwenye mkanda uleule, na inaeleza kwa nini betri yangu mpya ilichoka upesi: ilikuwa hailishwi kikamilifu. Altaneta ya zamani, ambayo niliiacha kwa fundi wa pili kama chuma chakavu, haikuwa na kosa lolote.

Gari lilipopandishwa juu ya shimo, niliitwa nikaangalie. Mkanda wenyewe, unaotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye sakafu ya gari, ulikuwa umegeuka kijani na karibu nusu ya nyuzi zake zilikuwa zimekatika. Kibaya zaidi, kichwa chake upande wa bodi kilikuwa kimefungwa juu ya ile rangi nyeusi nzito inayopakwa chini ya magari kuzuia kutu. Giaboksi ilishushwa mwaka juzi katika karakana nyingine, na aliyeirudisha hakujali kusafisha chuma kabla ya kukaza bolti. Rangi haipitishi umeme. Muda wote huo umeme ulikuwa ukipita kwenye nyuzi za bolti peke yake, hadi chumvi ilipozifikia nazo. Fundi pia alinionyesha waya wa eksileta, akanieleza kwamba mkanda wa injini ukifa kabisa, umeme wa stata hutafuta chuma chochote kinachounganisha injini na bodi, na magari mengine huunguza waya huo hadi ukagoma kuteleza. Wangu ulikuwa bado salama.

Kazi ya kuweka mkanda mpya niliisimamia mwanzo hadi mwisho na sikuona mahali pa kukosoa. Walitoa waya wa hasi wa betri kwanza, wakakwangua rangi kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang’aa, wakafunga mkanda wa shaba halisi, kisha wakapaka grisi juu ya ungio baada ya kukaza, wala si kabla. Fundi alikataa mkanda wa kwanza ulioletwa kutoka dukani kwa sababu alipokwaruza uzi mmoja kwa kisu, ndani ulikuwa mweupe: alumini iliyopakwa shaba juu. Kijana alirudishwa akatafute mwingine. Vipimo vya mwisho vilikuwa volti 0.12 wakati wa kupiga stata, na tofauti kati ya altaneta na betri ikashuka hadi 0.1.

Taa za nyuma zilikuwa na ugonjwa wa aina hiyohiyo, kwa udogo. Nilipokanyaga breki, indiketa ya kushoto ilikuwa ikiwaka kwa mbali, kwa sababu umeme wa taa ya breki ulipokosa ethi yake ulipitia kwenye balbu ya jirani kutafuta njia nyingine. Kwenye W124 kibebeo cha balbu kina vipande vyembamba vya chuma, na kile cha ethi ndicho kinachooza kwanza. Walisafisha cha kulia. Cha kushoto kilikuwa kimekwisha, na nilitumwa Ilala, Shaurimoyo, kutafuta cha mtumba, nikakipata siku ya pili.

Lakini ule mshale wa joto, ulionifanya nianze safari hii yote, haukupona siku hiyo, na nalisema waziwazi kwa sababu tathmini isiyotaja upungufu haina faida kwa anayesoma. Ulitulia kidogo, nikaondoka nikiamini umekwisha, na usiku nilipokuwa Barabara ya Kilwa ukapanda tena. Nilirudi Jumatatu. Fundi hakubishana nami wala kutaja malipo. Alifungua dashibodi na kukuta kwamba nyuma ya saa za dashibodi, mahali ambapo nyaya nyingi za ethi hukutana, fundi redio aliyeniwekea spika kubwa za harusi alikuwa amelegeza nati na kuongeza waya wake wa amplifaya juu ya zile za kiwandani. Umeme wa taa za dashibodi, wa redio na wa geji ulikuwa ukigombania ungio moja lililolegea. Geji hufanya kazi kwa kupima volti ndogo sana, kwa hiyo umeme wa taa ukiinua volti mahali hapo hata kidogo, mshale unasoma uongo. Amplifaya ilipewa ethi yake peke yake, nati ikasafishwa na kukazwa, na tangu siku hiyo mshale umekaa mahali pake, taa ziwe zimewashwa au zimezimwa. Hata hivyo naamini angeweza kuliona siku ya kwanza kama angewasha taa kwa dakika chache zaidi kabla ya kunikabidhi ufunguo, hasa kwa kuwa mshale ndio niliouelezea kwanza nilipofika.

Upungufu mwingine ni wa mahali. Mtaa ni mwembamba, mvua za masika zikinyesha unajaa maji, na gari pana kama hili huingia kwa shida. Wanashughulikia gari moja kwa wakati, jambo zuri kwa kazi lakini gumu kwa anayesubiri. Nilikaa saa tano siku ya kwanza. Pia hawapigi simu kukueleza hatua iliyofikiwa, kwa hiyo ni lazima uwe pale au umwache mtu anayeelewa.

Malipo yalikuwa shilingi 30,000 za kupima na 150,000 za kazi, pamoja na mkanda. Kibebeo cha taa nilikinunua mwenyewe. Nilipewa risiti ya mashine bila kuiomba na vifaa vyote vya zamani ndani ya mfuko. Ukilinganisha na shilingi 630,000 nilizotumia kwa betri na altaneta ambazo sikuzihitaji, bei hii ni ya haki kabisa.

Kuna jambo moja lililonionyesha uaminifu wa fundi huyu kuliko bei. Mercedes-Benz za miaka ya mwanzo ya tisini, hasa za kati ya 1992 na 1995 hivi, zilitengenezwa na nyaya za injini ambazo ganda lake hukauka kwa joto na kumong’onyoka, na mafundi wengi wakishaona mwaka wa gari huanza hapo, maana ni kazi ya fedha nyingi. Yeye alilitaja, akanionyesha kwamba ganda langu limeanza kukauka karibu na silinda ya mwisho, akasema halihusiki na tatizo nililoleta na linaweza kusubiri. Angetaka kunibambikia kazi ile siku ile, nisingekuwa na elimu ya kumkatalia.

Kwa mwenye gari la Kijerumani anayekusudia kwenda pale au kwa fundi mwingine yeyote, aangalie pia nani anagusa nyaya zake. Kwenye magari haya waya wa kahawia ndio wa ethi, wakati kwenye nyumba zetu za siku hizi waya wa kahawia ndio wenye moto, na kwenye Toyota ethi kwa kawaida ni waya mweupe wenye mstari mweusi. Fundi wa majumbani anayejaribu bahati kwenye gari, au anayezijua Toyota peke yake, anaweza kuunganisha kinyume akiwa na nia njema kabisa. Kule Magomeni michoro ya nyaya ya W124 ipo, imechapishwa na kufungwa kwenye faili lenye mafuta ya vidole, na niliwaona wakiifungua kabla ya kugusa dashibodi.

Uoshaji wa injini kwa presha nimeuacha; sasa tunaifuta kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi. Jumamosi tatu zilizopita gari limevuka kwa pantoni likiwa na maharusi, likazimwa katikati ya maji kama inavyotakiwa, na kila mara limewaka kwa mguso wa kwanza. Mwezi ujao nitarudi chini ya mwarobaini kwa ajili ya zile nyaya za injini, na nimeshaambiwa nifike saa moja asubuhi ili nipate nafasi ya shimo.